Katoka jela, haya aanzie wapi? Msaada wa kina mama wa Malindi na Lamu tunaouanza kwa mkia

Ukitaja kumsaidia mwanamke aliyetoka jela, huku kwetu kitu cha kwanza kinachokuja kichwani mwa watu ni cherehani. Mheshimiwa atatoa cherehani, kanisa litatoa cherehani, shirika litakuja na kamera litoe cherehani, na mama wa watu atasimama hapo na tabasamu la kulazimisha amekishika kama amekabidhiwa mtoto wa mwenziwe. Mimi sina ugomvi na cherehani jamani. Ugomvi wangu ni kwamba anapewa mtu ambaye usiku huo hajui atalala wapi, hana kitambulisho, laini yake ya simu ilishakufa, watoto wako kwa watu tofauti tofauti na yule bwana aliyemwacha nyumbani keshaoa. Miezi miwili mbele cherehani kinauzwa, halafu sisi hao hao ndo wa kwanza kusema si tuliwaambia, hawa hawabadiliki.

Sasa hebu tulifungue hili fundo polepole. Mwanamke akitoka ndani hali yake huwa ni ipi hasa, sheria inamtambua vipi, familia inamfanyia nini, na msaada upi unafaa utangulie upi. Maana mengi tunayofanya si mabaya, ila tunayaanza kwa mkia.

Nyumba ya mwanamume hubaki, ya mwanamke huvunjika

Angalia foleni siku ya kutembelea wafungwa. Kwenye jela ya wanaume utakuta wake za watu, mama zao, dada zao, wamebeba sabuni na watoto mgongoni. Nenda upande wa wanawake, foleni fupi, na hao waliopo wengi ni wanawake vile vile, mama mzazi ama dada wa toka nitoke. Waume ni wa kuhesabu.

Na hapo ndo tofauti yote inaanzia. Mwanamume akifungwa miaka 3, mkewe ndo anashikilia kila kitu, anachoma mahamri alfajiri, analipa kodi, anawaambia watoto baba atarudi, na siku akitoka anaukuta mlango ule ule na sufuria ile ile. Mwanamke akifungwa, yule aliyekuwa akifanya hayo yote ndo hayupo. Kodi ya chumba cha Maweni au Kisumu Ndogo inalala mwezi wa kwanza, mwezi wa pili landilodi anatoa vitu nje, kibanda cha viazi karai anakishika mwingine, watoto wanagawanywa, mmoja kwa nyanya yake Marafa, mwingine kwa shangazi Mtwapa, na bwana kama alikuwepo wazee wanamuita pembeni wanamwambia mwanangu oa, nyumba haikai bila mwanamke. Kwa hiyo mama akitoka hana pa kurudi, anaanza upya kabisa tena akiwa chini kuliko alipokuwa siku ile anakamatwa.

Na msifikirie nazungumzia vifungo virefu tu. Kina mama wengi wanaingia ndani kwa vitu vidogo na kwa sababu faini imewashinda, kuuza mnazi ama pombe bila leseni, ugomvi wa majirani, wizi mdogo, biashara bila pamiti. Sheria ya makosa ya jinai, kifungu cha 28, imepanga kwamba faini ya zaidi ya shilingi 2,500 mpaka 15,000 ikishindikana kulipwa kifungo kisizidi miezi 3. Miezi 3 kwa anayesikia redioni ni kitu kidogo, lakini miezi 3 inatosha kabisa kupoteza chumba, kibanda, na nafasi kwenye chama cha kina mama cha kuchangiana. Halafu kwa kifungo kifupi hivo hata ufundi hafundishwi, muda hautoshi, na hakuna afisa anayekaa naye kupanga akitoka aende wapi. Ukiniuliza mimi, hawa wa vifungo vifupi ndo wanaosahaulika kuliko wote, yule wa miaka 7 angalau kuna faili lake mahali.

Kwa watu wa Lamu ongeza umbali. Pale Hindi, upande wa bara wa Lamu, kuna jela, lakini mwanamke wa Lamu anaweza kujikuta anakula kifungo Malindi ama Shimo la Tewa kule Mombasa. Familia ikitaka kumuona ni boti mpaka Mokowe, basi mpaka Malindi, njia ya zaidi ya kilomita 200 inayopita Garsen, na kama ni Shimo la Tewa ongeza nyingine karibu 100. Mama mzee wa mtaa wa Langoni, Lamu, hiyo nauli ataitoa wapi kila mwezi? Anakwenda mara ya kwanza, ya pili anatuma salamu, ya tatu kimya. Si kwamba hampendi mwanawe.

Halafu kuna lile jambo letu la pwani ambalo hatulisemi. Msichana akifungwa, familia kwa aibu inawaambia majirani na hata watoto wake kwamba ameenda Uarabuni kufanya kazi. Ni uongo unaoingia akilini maana kweli wengi wanaenda. Sasa fikiria siku anaporudi, amekonda, hana sanduku, hana hata manukato ya kugawia mashangazi, simu hana, na mtoto wake wa miaka 8 anamuuliza mbele ya watu ile baisikeli uliyosema utaniletea iko wapi. Nimeshuhudia nyumba imenyamaza kwa swali kama hilo. Yule mama hakujibu, alitoka uani akajifanya anafua. Familia ilidhani inamkinga kumbe ilimtegea, maana sasa lazima aendeleze uongo ambao hata hakuutunga yeye, na mji wa Lamu ulivo mdogo ukweli haumalizi wiki haujafika mtaa wa Mkomani.

Ametoka kwa njia gani?

Watu wanasema tu "katoka jela" kama vile njia ni moja. Njia ni nyingi na kila moja ina mambo yake, kwa hiyo kabla hujaanza kumsaidia mtu uliza hili, kwa adabu lakini.

Kuna aliyekuwa mahabusu tu. Alikamatwa, dhamana ikapangwa, hakuwa nayo, akakaa ndani mpaka kesi ikaisha na labda mahakama ikamuachilia kabisa. Huyu kisheria hana hatia yoyote, Katiba ya 2010 kifungu cha 50 kinasema kila mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe, ila mtaani ashaitwa mfungwa.

Kuna aliyemaliza kifungo. Hapa jueni kitu kimoja cha maana sana, Sheria ya Magereza (Sura ya 90) inampa mfungwa mwenye nidhamu na bidii ya kazi punguzo la theluthi moja ya kifungo, ndo wanaita rimisheni. Aliyefungwa miaka 3 akijiheshimu anatoka baada ya miaka 2. Haihusu wa kifungo cha maisha na kuna makosa makubwa kama wizi wa mabavu yametolewa, lakini kwa wengi inahesabika. Maana yake nini? Maana yake tarehe ya kutoka inajulikana mapema! Familia inaweza kuuliza pale pale jela. Halafu bado utasikia "tulishtukia tu yuko mlangoni." Mlishtukia vipi na tarehe ilikuwepo?

Kuna aliyepewa probesheni, yaani kuachwa nje chini ya uangalizi wa afisa, ama kazi za jamii, hawa hawakukaa jela, au walikaa kidogo halafu hukumu ikabadilishwa. Sheria ya kazi za jamii ni ya 1998, hakimu anaweza kumpa mtu kufagia soko ama kusafisha zahanati badala ya kifungo, kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3 au ambayo hakimu mwenyewe ameona kifungo cha miaka 3 ama chini kinatosha. Kwa mwanamke mwenye watoto wadogo hii ndo afadhali kuliko zote, anafanya kazi yake asubuhi jioni yuko jikoni kwake, hakuna kilichovunjika.

Kuna wa msamaha wa Rais kupitia kamati ya msamaha, hiyo iko kifungu cha 133 cha Katiba. Na kuna wale waliopunguziwa baada ya kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, ambapo Mahakama ya Juu ilisema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila kesi ya mauaji ni kinyume cha Katiba. Baada ya hapo waliohukumiwa kwa mauaji wakarudi mahakamani kuhukumiwa upya, na humo wamo wanawake, wengine waliowaua waume waliokuwa wakiwapiga miaka na miaka. Mtu wa namna hii anatoka baada ya muda mrefu sana, M-Pesa imebadilika, noti zimebadilika, mama yake keshakufa.

Karatasi kwanza, pesa baadaye

Sasa tuje kwenye mpangilio wenyewe.

Cha kwanza pa kulala, na hapa nazungumzia wiki zile za mwanzo, si nyumba ya milele. Hosteli za serikali za watu waliotoka jela ni chache mno na za wanawake ndo chache zaidi, kwa hiyo kwa mtu wa Malindi au Lamu hosteli ni nyumba ya jamaa. Familia ikae chini kabla hajatoka iamue ni nani atamchukua, na asiwe yule anayemchukua kwa kulazimishwa na kaka mkubwa halafu kila akikohoa anakumbushwa. Na mtu aende langoni kumpokea. Hili dogo lina uzito wake, mwanamke anayetoka peke yake na mfuko wa plastiki na nauli, wa kwanza kumpokea anaweza kuwa ni yule yule aliyemuingiza matatani.

Cha pili kitambulisho. Mara nyingi kilipotea siku ya kukamatwa, ama kilibaki kwenye ile nyumba iliyotolewa vitu nje. Bila kitambulisho hapati laini mpya kwa jina lake, hawezi kufungua akaunti, hawezi kujiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali (iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024), hata chama kitamwambia lete kopi. Aende polisi apate abstrakti, ile karatasi ya kuripoti kitu kilichopotea, aende kwa chifu, aombe kingine. Kina ada, na hiyo ada ni msaada mzuri kuliko unga wa kilo mbili kumi. Tena laini ya simu, ikikaa miezi bila kutumika kampuni inaifunga na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Kama alikuwa na pesa humo asikate tamaa, zile zinazokaa sana bila kuguswa zinapelekwa kwa mamlaka ya serikali ya mali zisizodaiwa, UFAA, na mwenyewe anaweza kudai akiwa na kitambulisho chake. Unaona vile kila kitu kinarudi kwa kitambulisho?

Na kura hajapoteza, kwa sababu kuna watu wanadanganywa hili. Kenya hata aliye ndani anapiga kura ya Rais, ilianza kwa kura ya maoni ya katiba 2010 na uchaguzi wa 2017 walipiga. Anayezuiliwa ni aliyepatikana na kosa la uchaguzi, miaka 5.

Cha tatu ni watoto, na hapa niwaombe mnivumilie kidogo maana hapa ndo penye uzito.

Mtoto mchanga anaruhusiwa kukaa na mama yake jela mpaka afike miaka 4. Teresa Njoroge, yule mama aliyekuwa wa benki akafungwa jela ya wanawake ya Lang'ata, Nairobi, na mwanawe mchanga, alipotoka akaanzisha Clean Start ya kusaidia wanawake waliopitia jela, na amesimulia hadharani maisha ya ndani na mtoto. Ila wale wa ndani ni wachache, wengi wameachwa nje na nyanya zao. Mama anapotoka anakimbilia kwenda kuwachukua siku hiyo hiyo, na familia inaona ndo haki, na hapo kunaharibika. Mtoto aliyeachwa na mwaka 1 sa hizi ana miaka 4, anamuita nyanya yake "mama", huyu mwingine kwake ni mgeni anayelia lia na kumkumbatia kwa nguvu. Analala hataki kuguswa. Mama naye moyo unavunjika anasema wamemfundisha anichukie, anaanza ugomvi na mama yake mzazi ambaye ndo tegemeo lake la pekee, jioni anafukuzwa. Wengi wanarudi barabarani kwa ugomvi wa namna hii kuliko kwa njaa.

Njia iliyo nyepesi ni aende akakae pale pale watoto walipo, ama karibu, aanze kwa kuosha, kupika, kupeleka shule, mtoto amzoee akiwa bado na nyanya yake. Wa miaka 9, 10, aambiwe ukweli kwa maneno ya umri wake, alifanya kosa, alipewa adhabu, imekwisha, amerudi. Watoto shuleni wanajua kila kitu, watamwambia wao kwa matusi kama hamkumwambia nyinyi. Na kama kuna anayekataa kumrudishia watoto wake, afisa wa watoto wa serikali yupo, Sheria ya Watoto ni ya 2022 na kinachoangaliwa ni maslahi ya mtoto. Kufungwa peke yake hakumfanyi mtu asiwe mama.

Talaka nigusie tu. Wengine wanaachwa wakiwa ndani, kwa karatasi, kwa simu, ama kwa habari za watu. Kwa Waislamu, Kadhi yupo Malindi na yupo Lamu, na haki ya mahari iliyobaki na matumizi ya watoto haiondoki eti kwa sababu mama alikuwa jela. Anaogopa kwenda kwa vile anajiona hana uso wa kusimama mbele ya Kadhi. Msindikizeni.

Unga

Hili la unga sikutaka lipite kimya kwa sababu Malindi na Lamu tunalijua vizuri, heroini imekula vijana wetu na wasichana vile vile, ila wasichana wanafichwa. Mwanamke aliyekuwa anatumia akikaa ndani miezi mwili unapoteza ule uzoefu, akitoka akirudia kipimo alichokuwa akipiga zamani kinaweza kumuua, na wiki 2 za mwanzo ndo za hatari kabisa. Hili madaktari wanalijua dunia nzima. Familia inadhani jela imeshamponya, "sa hivi yuko safi", inamuacha peke yake. Hapana. Malindi tumebahatika, Omari Project wako hapa tangu miaka ya 90 wakisaidia waraibu, na kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ya hospitali ya serikali hapa Malindi iko tangu 2015. Akitoka leo, kesho apelekwe. Kwa mtu wa Lamu, methadoni ni ya kila siku, kwa hiyo kama haipati karibu na kwao akae kwa jamaa Malindi kwanza, hata kama aibu inawasukuma kumrudisha kisiwani haraka.

Kazi, na hapa sasa ndo cherehani

Jela zetu za wanawake zinafundisha ushonaji, kufuma, ususi, kuoka mikate, kutengeneza sabuni. Aliyekaa muda wa kutosha anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, anatoka na cheti cha gredi. Hicho cheti ni chake na ni halali, hakijaandikwa "jela" popote, kwa hiyo kikifichwa kabatini ni hasara ya bure.

Ukuta uko kwenye ajira za kuandikwa. Hoteli, kampuni za ulinzi, mawakala wa Uarabuni, wote wanataka ile wanaita gudi kondakti, cheti cha polisi kinachotolewa na DCI, idara ya upelelezi, baada ya kupigwa alama za vidole. Aliyehukumiwa rekodi yake inaonekana humo. Aliyekuwa mahabusu tu akaachiliwa na mahakama, akiona jina lake bado lina kesi humo abebe uamuzi wa mahakama aende kudai irekebishwe. Mimi naona kumwambia mwanamke aliyetoka jela "tafuta kazi hotelini" ni kumzungusha tu, hasa Malindi hii ambapo hoteli zenyewe zinafungua na kufunga na msimu.

Kwa hiyo ni biashara ndogo, na hapo kuna zinazofaa na zisizofaa. Cherehani kinafaa kwa aliyejua kushona na mwenye pa kukaa pasipo kuhama hama, na stima. Chakula kinazunguka haraka, mahamri na mbaazi pesa unaiona saa nne asubuhi, na karatasi zake ni pamiti ya kaunti na cheti cha afya cha anayeshika chakula, hakuna anayeuliza rekodi ya polisi. Makuti nayo watu wanayadharau lakini ni kazi nzuri ya kuanzia. Mama anakaa chini ya mwembe, anachambua majani ya mnazi, anakunja juu ya ufito, anafunga, moja baada ya jingine, mikono ikiwa na kazi mdomo unapata nafasi. Huku Ganda kuna mama ambaye wiki nzima baada ya kutoka hakumsemesha mtu ndani ya nyumba, alianza kuongea kwenye makuti, akiwa ameinama, bila kumtazama mtu usoni. Wenziwe hawakumuuliza kitu. Walimsogezea fito tu.

Mtaji sasa. Mkopo wa serikali upo, Mfuko wa Wanawake wa tangu 2007, Uwezo, Hustler Fund iliyozinduliwa Novemba 2022. Hustler ni ya simu, anapata kidogo, ila yule aliyekopa kabla ya kukamatwa ana deni limelala limeharibu jina, aangalie hilo mapema. Ya Mfuko wa Wanawake na Uwezo ni ya vikundi, na kikundi ni lazima kimkubali kwanza. Hapo tunarudi kwetu sisi. Chama kikimkataa, mlango wa mkopo umefungwa, hakuna sheria ya kukilazimisha. Wengine wanamuingiza wanamuweka wa mwisho kwenye mzunguko, miezi 10 anachanga tu anangoja, na kila akichelewa siku moja ni "si mnajua alikotoka." Mimi ningesema muwekeni katikati. Si wa kwanza, maana akianguka mtamchukia, na si wa mwisho, maana huko ni kumwambia hatukuamini.

Afisa wa probesheni akija kukuuliza

Kuna Kanuni za Bangkok, Umoja wa Mataifa walizipitisha Desemba 2010, zote 70 zinahusu wanawake wafungwa. Ndani yake kuna ile ya 47 inayosema mwanamke akishatoka apate msaada wa zaidi, wa moyo, wa afya, wa kisheria na wa mahitaji ya kila siku. Kwenye karatasi tamu. Huku kwetu anayebeba hayo yote ni afisa wa probesheni mmoja na pikipiki yake, na eneo lake linaweza kuwa kuanzia mjini mpaka vijiji ambavyo mvua ikinyesha haviingiliki.

Ila yule afisa ana kitu ambacho watu hawakijui. Mahakama ikitaka kuamua dhamana, ama hukumu, ama kumuhukumu mtu upya, inaweza kumtuma alete ripoti. Anakuja kijijini, anaongea na familia, na aliyekosewa ama jamaa zake, na chifu, na mzee wa mtaa, na majirani, anauliza huyu mwanamke akirudi mtamkubali? Anaandika. Jaji anasoma. Kwa hiyo lile neno ulilotupa huku umeegemea ukuta, "aah huyo akae tu huko, alikuwa na mdomo", linaweza kumuongezea mtu miaka. Na kinyume chake pia, jirani akisema tutamsaidia, chumba kipo kwa mama yake, mimi nitamtazama, hilo nalo linaandikwa.

Simaanishi useme uongo. Kama alimuumiza mtu na yule mtu bado ana machungu, semeni, tena hapo inafaa wazee wawakutanishe kabla hajarudi, si baada ya kukutana uso kwa uso sokoni. Kuna makosa ambayo kurudi kijiji kile kile si busara na ni heri aende kwa ndugu Mambrui ama Mombasa. Lakini uulizwe ukiwa umefikiria.

Na akisharudi yako ni madogo tu. Akija kwako kukopa chumvi usisogeze mkoba. Anauona. Kila mmoja wao atakwambia kitu cha kwanza walichokiona mtaani ni mikoba inavyosogezwa. Usimuulize "kwani ilikuwaje" hata kama unakufa kwa hamu ya kujua. Kwenye harusi mpe kazi ya jikoni kama zamani, kukuna nazi, kupalia moto, asikae kama mgeni.

Mwisho nirudi kwa wale wa faini, kwa sababu hawa msaada wao unaweza kufika kabla hata hawajapoteza kitu. Vyama vyetu vinachanga kwa harusi, kwa matanga, kwa kumpeleka mtu hospitali, lakini faini ya mwenzetu tunaiona ni mambo yake. Sheria inakubali faini ilipwe sehemu hata baada ya mtu kuingia ndani, na siku zinapunguzwa kwa kadiri ya kilicholipwa. Faini ya 12,000 ama miezi 3, mkilipa 8,000 mmeshamtolea kama miezi 2, na kama mwezi mmoja keshaukaa, anatoka. Kodi ya chumba inaweza kuwa haijafika mwezi wa pili, watoto hawajagawanywa, kibanda kipo. Mkienda, nendeni rejista ya mahakama iliyomhukumu na namba ya kesi, muulize kiasi kilichobaki na njia ya kulipa, msimpe mtu yeyote pesa mkononi hata akisema yeye ni karani, chukueni risiti, halafu kopi ya risiti mmoja wenu aipeleke jela mwenyewe na asubiri hapo hapo mpaka aone wameiingiza kwenye faili.